Geji ya upepo kwa gari la mwendo: soma mwisho wa skeli kabla ya kusoma bei

Wasomaji wananitumia sana picha za matairi ya Subaru WRX, Altezza na Mark X, na malalamiko ni yaleyale: tairi lilinunuliwa jipya, halijamaliza mwaka, tayari lina kipara. Kisha linafuata swali la kampuni gani wanunue safari hii. Ninachotaka kujua mimi kwanza ni geji wanayopimia upepo skeli yake inaishia namba ngapi. Mpaka leo sijapata aliyejibu bila kwenda kwanza kuitazama, na wengi hawana geji kabisa, wanamwachia kijana wa sheli.

Kwanza tazama kipara kiko wapi. Kikiwa katikati ya tairi, upepo ulizidi. Kikiwa mabega yote mawili, upepo ulikuwa haba. Kikiwa bega la ndani peke yake, geji haitakusaidia, gari liende kwenye alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), na kabla hujalipia hiyo alaimenti wakague bushi na boljointi, maana alaimenti iliyopigwa juu ya bushi zilizokufa haikai. Bega la ndani ndilo linalowaponza watu kwa sababu halionekani ukisimama kando ya gari. Kata usukani mpaka mwisho, ingiza mkono nyuma ya tairi, pitisha kiganja juu ya kashata (yale matuta ya mpira yanayogusa barabara) kutoka nje kwenda ndani, halafu kirudishe. Ukisikia laini wakati wa kwenda na mikwaruzo ya meno ya msumeno wakati wa kurudi, magurudumu hayaelekei sambamba.

Mwenye Subaru asome hapa mara mbili. Gari hilo linasukuma kwa magurudumu manne, na mwongozo unaotumika sana kwa Subaru ni kwamba mzingo wa matairi usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukipiga hesabu, hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu ya kimo cha kashata. Tairi moja likitembea na upepo haba mpaka likaliwa kuliko wenzake, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na bili yake si ya tairi tena.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha tairi, haihusu gari lako. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo kibandiko kinasema kPa (kilopaskali), wakati sheli wanasema psi (pauni kwa inchi ya mraba): 200 ni psi 29, 220 ni 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Na usikubali ile 35 ya mazoea ya sheli. Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, inataka psi 26 tu. Ipe 35 na utalila tairi katikati huku ukishangaa kwa nini gari linarukaruka kwenye kona.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Usahihi wa geji ya mshale hupigwa kwa asilimia ya skeli nzima, wala si ya namba unayoisoma. Kiwango cha Kimarekani kinachotumika sana kwa geji, ANSI B40.1 daraja B, kinaruhusu kosa la asilimia 2 katika nusu ya katikati ya skeli, na asilimia 3 katika robo ya mwanzo na ya mwisho. Chukua gari linalotaka psi 33. Kwenye geji inayoishia 60, namba hiyo iko katikati, kwa hiyo kosa halizidi psi 1.2. Kwenye geji inayoishia 160 umo ndani ya robo ya kwanza, na kosa linafika psi 4.8. Kwenye zile bastola za kujazia upepo zinazoishia 220, kosa linafika psi 6.6, na hapo nimechukulia kwamba ni nzima, haijawahi kudondoka sakafuni. Mtu anasoma 33 na moyo wake umetulia, kumbe tairi lina 27. Geji ya namna hiyo ni ya lori. Kwa lori lenye upepo wa 100 na zaidi ni nzuri kabisa.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na Accu-Gage ya 0–60, ya kampuni ya G.H. Meiser ya Illinois, Marekani, na sifichi kwamba naipenda. Ndani ina mrija wa shaba uliopinda, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na haihitaji betri. Chukua yenye mpira kuzunguka uso, kipande cha hozi na kitufe cha kupunguzia. Hozi inakuwezesha kufika kwenye valvu iliyojificha kati ya spoku bila kupinda kichwa cha geji. Kitufe ndicho kinachofanya kazi nzima iwe nyepesi: unajaza kupita kidogo, unabana geji wima juu ya valvu mpaka ule mlio wa kuvuja ukatike, mshale unasimama, kisha unapunguza kidogokidogo mpaka kwenye namba yako. Lakini angalia uso wake, kwa sababu hao hao wanatengeneza ya 100 na ya 160, na kwenye picha ya duka zinafanana.

Ya pili ni geji ya dijitali ya jina linalojulikana, JACO au Michelin. Inasomeka usiku na inabadilisha kati ya psi na kPa, jambo linalofaa kwa kibandiko cha Kijapani. Tatizo langu ni betri, na pia imani ambayo watu wanaipa desimali. Kioo kuandika 32.5 hakumaanishi kwamba kifaa kinajua hiyo nusu.

Ya tatu ni pampu ndogo ya kuchaji, mfano ile ya Xiaomi inayofika psi 150. Nainunua kama pampu, na kama pampu naisifu, kwa sababu inakuwezesha kujaza asubuhi nyumbani tairi likiwa baridi. Ukiendesha mpaka sheli tairi limeshapata joto na kusoma psi kadhaa zaidi. Jaza nayo, pima kwa geji.

Kalamu za bei rahisi, zile zinazosukuma kijiti: weka moja kwenye dashibodi kwa dharura.

Kinachoniudhi ni uuzaji wenyewe. Kariakoo utaoneshwa geji iliyokwisha kutolewa kwenye boksi, imefungwa nailoni, na ukiuliza daraja lake unajibiwa "hii orijino, dada". Bei inapangwa kwa ukubwa wa uso na mng'aro wa chuma, kwa hiyo ya lori inauzwa ghali kuliko ya gari dogo, na mnunuzi anaondoka akidhani amepata bora. Ukiagiza nje, nauli inakaribia kuimeza bei ya kifaa. Hata hivyo jumla yake haifiki bei ya tairi moja jipya la inchi 17.

Halafu kuna mafundi wa matairi wanaokataa kununua geji ya maana, lakini wanakutoza kwa kila tairi kukuwekea naitrojeni, wakati hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78. Tairi lenye naitrojeni na psi 27 linaliwa mabegani sawasawa na lile la upepo wa bure, na hakuna fundi aliyewahi kumrudishia mteja pesa kwa hilo.