Programu ya kuunganisha picha iliyoukata mfaa: uzoefu wangu

Nina hasira na sitaki kuificha. Programu hii nimeilipia mwezi baada ya mwezi, nimewasifia rafiki zangu, na juzijuzi imeniharibia kazi ya watu. Nilipolalamika nikajibiwa kama mtoto aliyeshika kisichomhusu.

Fundi mmoja wa kuchonga hapa Lamu alitaka picha ya mlango wa zamani kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, apate kufuatisha nakshi kwa ajili ya nyumba inayojengwa Shela. Anayezijua njia za mji huu anaijua shida yake. Unarudi nyuma mpaka mgongo unagota ukuta wa nyumba ya pili, na mlango bado haujaingia wote kwenye kamera. Basi unapiga vipande, cha juu penye kizingiti, cha kati, cha chini, halafu unakwenda kuviunganisha mezani.

Na hapa niseme haki: kwa kunyoosha kipande kimojakimoja sijaona programu ya kuishinda hii. Mlango ni kitu bapa, kwa hiyo matriksi moja, yaani jedwali la namba, ya 3 kwa 3 inatosha kuutoa kwenye mshazari na kuusimamisha wima. Unaweka alama nne kwenye pembe, unataja upana na urefu, basi. Alama nne zinatoa milinganyo minane, na ndani ya matriksi hiyo namba zinazotafutwa ni nane, maana ile ya tisa huwekwa 1. Ua la nakshi lililokuwa limebanwa kama yai likarudi duara mbele ya macho yangu. Siku hiyo nilimwita mke wangu aje kuangalia.

Balaa liko kwenye kupanga. Kipande cha chini kilikuwa kimepinda kidogo. Nikakizungusha digrii 2 kwa mwendo wa saa, nikakishusha pikseli 3000, kikakaa pale pake. Nikakuza skrini nikaufuata mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, kutoka juu hadi chini, ukingo wake haukukatika popote. Nikahifadhi, nikaituma faili Malindi ikachapishwe. Kule ikafunguliwa kwa programu hiihii, ila toleo jipya. Karatasi zikapanda basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti, fundi akazitandaza sakafuni. Hakumaliza hata kuzinyoosha. Aliweka kidole katikati akasema, “Mwanangu, mfaa ni mti mmoja. Huu umekatwa.”

Kweli ulikuwa umekatwa. Nusu ya chini ilihamia kushoto zaidi ya inchi moja. Nakshi zilizopaswa kupokeana zikapishana, jani upande huu, kikonyo chake upande ule.

Sikulala mpaka nimejua sababu. Kuzungusha kisha kusogeza si sawa na kusogeza kisha kuzungusha, kwa sababu kila tendo lina matriksi yake, na matriksi ukizizidisha kwa kuzibadilishia zamu jawabu linabadilika. Ukizungusha kwanza, kipande kinageuka kwenye pembe yake ya juu kushoto, kisha kinashuka. Ukikishusha kwanza pikseli 3000 halafu ukazungusha, hata ule mshuko wenyewe unazungushwa, na kwa digrii 2 kinasogea kushoto karibu pikseli 105. Tulichapisha doti 100 kwa inchi. Pigeni hesabu wenyewe muone kama haiangukii palepale alipoweka kidole fundi.

Mpangilio ni wa mtu kuchagua, hilo sibishani nalo. Faili za PDF huandika nukta kama safu mlalo na matriksi ikakaa kulia. SVG, aina ya faili za michoro, huiweka nukta kama safu wima na matriksi ikakaa kushoto. Zote mbili sahihi, mradi ushike moja usiiache. Hawa toleo la zamani limehifadhi kwa zamu moja, toleo jipya linasoma kwa zamu nyingine, na hakuna onyo lolote kwenye skrini.

Haya yote niliwaandikia kwenye dirisha la huduma kwa wateja, na picha mbili za skrini nikaambatisha. Nikangoja. Jibu likaja: “Ndugu mteja, picha za simu mara nyingi hazilingani. Jaribu kutumia kamera ya kisasa.” Nikamwambia faili ni ileile, toleo la zamani linaifungua sawasawa. Akaniandikia, “Mambo ya matriksi tuachie sisi wataalamu,” kisha akafunga mazungumzo. Hakuniaga.

Kamera ya kisasa! Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, watu wanapiga picha milango hii kila uchao, wengi wao kwa simu tu, na simu haina kosa lolote hapa. Huyo mtaalamu angefanya jaribio dogo tu: chukua picha yoyote, izungushe digrii 90 kwa mwendo wa saa, isogeze kulia pikseli 300, hifadhi, ifungue kwenye toleo jipya. Ikikutwa imeshuka chini badala ya kwenda kulia, ugonjwa ndio huo. Na wewe unayetaka kununua, fanya hivyo kabla ya kutoa pesa.

Nilikaa kuandika nikiwa nimeazimia nyota moja. Nilipofika kwenye lile ua nikasema nitawapa tatu, maana kazi ile ya kunyoosha imefanywa na mtu anayejua anachofanya, na sina pa kuipata kwingine kwa bei hii. Lakini kila nikikumbuka lile “tuachie sisi” damu inapanda upya. Mbili. Toleo la zamani bado ninalo kwenye laptopu na nitanyooshea vipande humo. Kupanga ninapanga kwenye SVG kwa namba sita za matriksi ninazoziandika kwa mkono wangu. Madai ya gharama ya karatasi na nauli yake nimewatumia, risiti ziko ndani, na hadi leo hakuna aliyejibu.