Nyundo ya mpini wa bomba: mizani inasema sawa, msumari unakataa

Hasira yangu si ya bei. Shilingi 30,000 kwa nyundo ya kucha si dhambi hapa Kampala. Hasira ni ya yule kijana wa kaunta, dukani upande wa Ndeeba. Nilipoirudisha nikilalamika kwamba haizamishi msumari, aliibwaga juu ya mizani, akaipima na ile yangu ya zamani ya mpini wa mbao, kisha akapaza sauti wateja wote wasikie: "Gramu 800, gramu 800. Ssebo, uzito ni uleule. Labda mkono ndio umezeeka."

Mkono wa nani? Mizani haijui kupigilia msumari.

Kinachopiga ni kichwa, mpini unasindikiza tu. Baadaye kichwa cha hiyo mpya kilichomoka (ndiyo, kilichomoka, wiki chache tu) nikapima vipande vyake: kichwa gramu 450, bomba na raba yake 350. Ya zamani kichwa ni 570, mpini wa mti wa lusambya 230. Hata bila kuzivunja ungejua: laza nyundo juu ya kidole kimoja. Ya mbao inatulia kama sentimita 4 na nusu kutoka katikati ya kichwa, ya bomba karibu 7 na nusu. Ugomvi wote uko kwenye hizo sentimita 3. Kwenye kenchi ya mkaratusi, msumari wa inchi 4 uliokuwa ukizama kwa mapigo 6 sasa unataka 9 au 10, na kadiri mapigo yanavyoongezeka ndivyo moja linavyoteleza na msumari kujikunja katikati.

Lakini dukani ilikuwa tamu mkononi, na hapo ndipo inaponiuma. Kiganja hakipimi gramu. Ukitikisa nyundo kinasikia jinsi inavyogoma kugeuka. Gramu 100 zilizo sentimita 27 kutoka kiganjani zinagoma mara 9 kuliko gramu 100 zilizo sentimita 9. Kwa hiyo chuma kikihamishwa kutoka kichwani kwenda mpinini, nyundo inahisi nyepesi na mizani haioni tofauti. Halafu ile raba nene: Mfaransa Charpentier alishaonyesha mwaka 1891 kwamba vitu viwili vya uzito mmoja, kile kikubwa huonekana chepesi ukikiinua. Mnunuzi anadanganywa mara mbili kabla hajatoa pesa.

Kwa hiyo ukiwa kaunta usiinue tu na kutabasamu. Shika mwisho wa mpini, pale utakaposhika kazini, upeleke kichwa kushoto na kulia kwa kifundo cha mkono. Kikifuata bila ubishi wowote, hiyo si nyundo ya kenchi.

Sasa nijipinge kidogo. Kwa silingi bodi, mikono juu kutwa, misumari ya inchi moja, wepesi huohuo ni baraka. Bega halichoki, na kichwa kinasimama pale unapotaka. Uso wake haujamenyeka hata kidogo, chuma ni kizuri. Kwa kazi hiyo ningeipa nyota 4, na nusura niandike hivyo.

Ila tobo la kichwa ni duara, bomba limeshindiliwa tu, halina hata pini. Ukitia mpini wa mbao unazunguka humo hata ukiweka kabari. Inabidi uchonge mpini ukae kwa kubana sana, utoboe kichwa kwa drili milimita 5, upitishe ribiti kando hadi kando. Drili hiyo inakula biti mbili.

Nyota 2. Na ya pili ni ya chuma, si ya duka.