Mafungo ya siku tatu: fomu niliyofaulu na saa moja ya mzee

Mwezi uliopita nilihudhuria mafungo ya siku tatu kuhusu kugeuzwa kutoka ndani, katika kituo kimoja cha kanisa mkoani Morogoro ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayakisifu. Ada ilikuwa shilingi 90,000 pamoja na malazi na chakula. Vyumba ni safi, vyandarua havina matundu, na maharage ya nazi ya jikoni kwao sina neno nayo.

Dosari ilianzia mapokezi, ambako kila mshiriki alikabidhiwa fomu ya kujipima hali yake ya kiroho. Maswali mawili ya kwanza yaliuliza unafunga mara ngapi kwa mwezi na kama unatoa zaka kamili. Nilijaza kwa furaha, nikapata alama 34 kati ya 40, na nakiri kwamba nilichungulia karatasi ya dada aliyeketi kando yangu nikaona ana 19. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipokumbuka kwamba kufunga na zaka ndiyo mambo yaleyale aliyojivunia Farisayo wa Luka 18 aliposimama hekaluni kusali, huku mtoza ushuru akijipiga kifua kwa mbali. Waandaaji waliotuita tuache kujihesabia haki walikuwa wametuchapia sala ya Farisayo katika umbo la maswali, na hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwemo.

Vipindi vya siku ya kwanza vilifuata mkondo huohuo. Mwalimu alitumia zaidi ya saa nzima juu ya hereni na suruali za wanawake, kisha zikafuata shuhuda ambazo karibu zote zilihusu pombe na uganga wa miaka ishirini iliyopita. Dhambi ya wiki ile hakuitaja mtu.

Kilichoiokoa ada yangu ni saa moja ya alasiri ya siku ya pili, alipopewa nafasi mwinjilisti mzee kutoka Kagera. Alisimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani wimbi la toba na kuokoka lililoenea makanisani, tangu Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, hadi moto huo ulipowaka Gahini nchini Rwanda na kuvuka mpaka kuingia kwetu. Hakukaa sana kwenye tarehe. Alikaa kwenye majembe na mablanketi, yaani vitu ambavyo watu waliookoka wakati ule walikuwa wamewaibia waajiri na majirani, nao wakavirudisha wakitaja kosa kwa jina lake mbele ya mwenye mali. Hilo, alisema, ndilo waliloliita kutembea nuruni. Wala hakuwapamba wazee wake: alieleza kwamba wapo waliogeuza hata kuungama kuwa kipimo cha kuwahukumia wenzao, na kwamba ugomvi na viongozi wa kanisa ulifika mahali ambapo mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Ukumbi ulitulia kabisa.

Kisha akatuomba tuandike jambo moja tu ambalo kila mmoja wetu anadaiwa, si na Mungu, bali na mtu mwenye jina na namba ya simu. Mimi niliandika chupa ya chai. Mwaka juzi nilimkata dada wa kazi shilingi 15,000 kwa chupa aliyoivunja, ilhali nilijua ilikuwa na ufa tangu awali. Jioni ile nilimtumia fedha hizo kwa simu, naye akajibu, “Mama, hii ni ya nini?” Kuandika jibu kulinichukua muda mrefu kuliko kuijaza ile fomu.

Kwa waandaaji, naomba fomu iondolewe na mzee apewe siku nzima. Kwa anayefikiria kwenda, aulize kwanza kama yumo kwenye ratiba. Asipokuwemo, 90,000 ni nyingi kwa maharage.