Kukwea Mnara wa Fischer, Hell's Gate: mfupi, lakini usiudharau

Wengi wakiingia hifadhi ya Hell's Gate pale Naivasha hukodi baiskeli, hupiga picha chini ya Mnara wa Fischer, mwamba uliosimama wima peke yake, kisha haoo, korongoni Ol Njorowa. Safari hii nilitaka kuupanda wenyewe. Una mita 25 hivi tu, na kutoka barabarani, ukishapita lango la Elsa, unaweza hata kuucheka. Ngoja ufike chini yake uinue shingo.

Vijana wanaoongoza wapandaji huwa hapo hapo na vifaa vyao. Aliyenipokea alinivalisha mkanda wa kiunoni, akavuta kila kifungo, halafu akaniambia nami nivute. Fundo la kamba alilifunga polepole mbele ya macho yangu. "Dada, hili lisipofanana na nane, usinyanyue mguu." Kamba inapita juu kileleni na kurudi chini kwake, kwa hiyo ukiteleza unaning'inia tu. Kwa usalama nampa alama zote. Kofia ngumu ndiyo ilinishinda: ilinuka jasho la wote walionitangulia. Beba kitambaa cha kufunga kichwani.

Mnara huu ni lava iliyogandia kwenye koo la volkeno ya zamani. Udongo na majivu yaliyoufunika yakamomonyoka, ukabaki mwamba mtupu wenye mipasuko ya wima. Mipasuko hiyo ndiyo ngazi yako. Mwanzoni nilijivuta kwa mikono hadi vidole vikaanza kutetemeka, yule kijana akapaza sauti kutoka chini: "Miguu ndiyo inayopanda, mikono inashikilia tu!" Nikaingiza ncha ya kiatu ufani, nikasimama juu yake, na mwili ukawa mwepesi ghafla. Sehemu ngumu ni katikati, ambapo mahali pa kushika pako kando, hupaoni, ni lazima upapase.

Kileleni hakuna nafasi ya kutembea, ila unaliona bonde lote: kuta nyekundu za miamba pande zote mbili, punda milia, na waendesha baiskeli wakitimua vumbi. Kushuka kulinitisha kuliko kupanda, maana unatakiwa uegemee nyuma, hewani, ukiamini kamba na mtu usiyemwona.

Jina lenyewe ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Wamaasai wana simulizi yao: ni bibi harusi aliyegeuka kutazama kwao akiwa njiani kuolewa, akawa jiwe. Mimi naichukua hiyo ya pili.

Chini kuna pimbi wengi wasio na haya, kwa hiyo usiache mkoba wazi. Wikendi, wanafunzi wakishafika, utapanga foleni mpaka jua likuchome. Nenda lango linapofunguliwa. Vaa raba zinazobana mguu. Kiingilio cha hifadhi lipia eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, kabla hujatoka nyumbani. Malipo ya kukwea ni kando, mpatane kabla ya kuvaa mkanda. Anayetaka mlima wa kutembea saa kadhaa aende Longonot, hapo jirani. Hapa utatumia muda mwingi kuvaa vifaa kuliko kukwea. Na baiskeli ukikodi nje ya lango, ijaribu breki kwanza. Yangu ilikuwa na ya nyuma tu, na hiyo nayo ilikuwa ya kuombewa.