Pontiac GTO ya 1965: injini ya gari kubwa ndani ya bodi ya kawaida

Kati ya magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yaliyojipatia sifa kwa ukubwa wa injini zao, Pontiac GTO ndilo ambalo siri yake ni nyepesi kuliko yote. Wahandisi watatu wa Pontiac huko Michigan, John DeLorean, Bill Collins na Russ Gee, waliona kwamba injini ya V8 ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari makubwa ya kampuni hiyo, ililingana kwa vipimo vya nje na ile ya inchi 326 iliyokuwa ndani ya Tempest, gari la familia la ukubwa wa kati. Iliingia mahali palepale bila kuhitaji boneti mpya. Kanuni za General Motors, kampuni mama ya Pontiac, zilikataza injini inayozidi inchi 330 katika magari ya kundi hilo, lakini zilihusu modeli, hazikugusa vifaa vya nyongeza. Kwa hiyo GTO ya 1964 iliuzwa kama nyongeza ya dola 295 juu ya bei ya Tempest LeMans, toleo la juu la Tempest. Idara ya mauzo ilikubali kwa shingo upande kutengenezwa kwa magari 5,000, na mwaka ulipokwisha yalikuwa yameuzwa 32,450.

Gari nililoliendesha ni la 1965, mwaka ambao taa za mbele zilianza kupangwa wima, moja juu ya nyingine, na kwa maoni yangu huo ndio uso mzuri kuliko zote ambazo GTO imewahi kuwa nazo. Lina gia nne za mkono zenye liva ya Hurst, na kabureta tatu za Rochester ambazo Pontiac iliziita Tri-Power, zinazoiwezesha injini kutoa nguvu za farasi 360. Mwenyewe, mzee mstaafu wa viunga vya Detroit, aliniachia usukani kwenye Woodward Avenue, barabara inayotoka katikati ya Detroit hadi mji wa Pontiac na ambako vijana wa enzi hizo walikuwa wakishindana usiku kutoka taa moja hadi nyingine.

Ukiendesha kwa utaratibu, kabureta ya katikati hufanya kazi peke yake, na gari huwa tulivu kiasi kwamba unaweza kulipeleka sokoni bila kumsumbua mtu. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, zile mbili za pembeni nazo hufunguka, sauti nzito ya injini ikivuta hewa husikika mbele ya kioo, pua ya gari huinuka na mgongo wako hugandamizwa kwenye kiti. Msukumo huo huanzia chini kabisa, hivyo hata ukisahau kurudi gia ya pili, gari huondoka tu. Hapo ndipo utamu wa GTO ulipo: huhitaji ustadi wa dereva wa mashindano wala barabara ndefu ili kuipata nguvu yake. Tundu la hewa lililo juu ya boneti, kwa upande mwingine, ni pambo tu. Gari lilitoka kiwandani tundu hilo likiwa limezibwa.

Kusimama ni habari nyingine. Breki ni za ngoma kwa magurudumu yote manne, zenye kipenyo cha inchi 9.5, na zinatakiwa kulizuia gari la takriban kilo 1,600. Ukizibana mara mbili au tatu mfululizo kutoka mwendo mkubwa zinapata moto na kulegea. Mfumo wake wa breki una mkondo mmoja tu, kwa hiyo bomba likivuja mahali popote unabaki na breki ya mkono na dua. Usukani unahitaji mizunguko mingi, na petroli inayeyuka kwa kiasi cha lita moja kwa kila kilomita nne au tano, tena iwe petroli ya okteni ya juu, la sivyo injini itagonga.

Sifa za gari hili zilichangiwa pia na ujanja. Mwaka 1964 jarida la Car and Driver lililinganisha GTO na Ferrari yenye jina hilohilo, likaisifia mno ya Pontiac. Baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyepeleka gari hilo kwa waandishi, alikiri kwamba ndani yake kulikuwa na injini ya inchi 421, ambayo kwa nje ni vigumu kuitofautisha na 389.

Mfanano huohuo ndio unaopaswa kumtia hofu mnunuzi wa leo. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa nyongeza tu, namba ya chesisi haiitofautishi na LeMans ya kawaida, na mtu mwenye beji za GTO na injini ya 326 anaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Usitoe hata senti kabla ya kuona nakala ya ankara ya kiwandani, ambayo Pontiac Historic Services, kampuni inayotunza kumbukumbu za magari ya Pontiac, huitoa kwa malipo. Kuanzia 1966, GTO ilipokuwa modeli kamili, namba ya chesisi huanza na 242. Kutu uitafute chini ya kioo cha nyuma na kwenye sakafu ya buti.

Anayetaka gari la kuendesha mara kwa mara ningemshauri achukue la 1967. Tri-Power iliondolewa mwaka huo kwa agizo la General Motors, lakini injini iliongezwa hadi lita 6.6, ya kawaida ikatoa nguvu za farasi 335, breki zikawa na mikondo miwili, na mteja aliweza kuagiza diski za mbele. Anayelitaka la 1965 kwa ajili ya kabureta zake tatu simlaumu hata kidogo, ila breki za mbele azibadilishe kuwa za diski kabla ya kuhangaika na rangi, na zile ngoma za asili azihifadhi, kwa sababu mnunuzi atakayemfuata ataziulizia.