Macho mabovu na maski ya kuzamia: nunua kwa ajili ya geji kwanza

Mita 18 chini, mkufunzi aliniuliza kwa ishara nimebakiwa na hewa kiasi gani. Nikatazama geji, saa ya shinikizo la hewa ya mtungi, nikamwonyesha 110. Akasogea, akaishika geji mwenyewe na kunionyesha vidole: 70. Ajabu ni kwamba siku ile nilikuwa nimevaa maski mpya yenye lenzi za kipimo changu kamili. Samaki wa mbali nilikuwa nawaona hadi magamba. Geji mkononi ilikuwa ukungu mtupu.

Kosa lilikuwa langu. Macho yangu hayaoni mbali, na nimeshavuka miaka 45. Ukimrekebishia mtu wa umri huo uoni wa mbali kikamilifu, mara nyingi unampokonya ule wa karibu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize kwanza kama utaweza kusoma geji na kompyuta ya kuzamia (ile ya mkononi inayoonyesha kina na muda) kwa urefu wa mkono. Samaki watafuata.

Huenda usihitaji kununua kitu. Kupitia kioo bapa cha maski, vitu vya majini huonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja, na karibu zaidi kwa robo ya umbali wake. Mwenye kipimo cha -1 au hafifu zaidi, kama -0.5, mara nyingi huzamia bila lenzi yoyote na haoni tatizo. Azima maski ya kawaida, zama mara moja, kisha uamue.

1. Maski ya vioo viwili yenye lenzi za dukani

Hiki ndicho chaguo langu la kwanza kwa watu wengi. Unanunua maski ambayo vioo vyake hutoka, kisha unaweka lenzi zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, kwa kawaida kwa hatua za nusu dayopta (dayopta ndiyo namba ya nguvu ya lenzi). Zinabadilishwa kwa dakika chache, na kipimo chako kikibadilika unanunua lenzi tu, maski inabaki ileile.

Lenzi hizi hazina marekebisho ya astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayopinda picha. Kama unayo kidogo, mtaalamu wa macho huchukua nusu ya namba ya silinda (ile ya astigmatizimu kwenye cheti chako cha macho) na kuijumlisha kwenye kipimo kikuu: -3.00 yenye silinda -1.00 inakuwa -3.50. Inatosha kwa kuzamia. Silinda ikifika 2 hivi, picha inabaki na kivuli, na hapo ruka hadi namba 3.

Kuna pia suala la umbali kati ya mboni mbili. Lenzi ya kiwandani haijui macho yako yamekaa wapi. Kwa kipimo kidogo haisumbui. Kwa -6, mboni ikiwa milimita 4 pembeni ya kitovu cha lenzi, jicho linalazimika kujivuta muda wote wa mbizi, nawe unatoka majini na kichwa kinachogonga ukidhani ni hewa mbaya ya mtungi.

Kipimo chako kikiangukia katikati ya hatua mbili, mathalani -4.75, ushauri wangu ni huu: aliyevuka 40 achukue -4.5, atapoteza ukali kidogo wa mbali lakini atasoma geji. Kijana amuulize mtaalamu kama apande hadi -5, kwa sababu kioo cha maski kiko mbali na jicho kuliko miwani, na lenzi ya namba ya kutoa (-) hupungua nguvu kadiri inavyosogezwa mbele.

Na ukipokea mzigo, ujaribu nyumbani. Duka moja lilinifungia lenzi ya kulia kushoto. Nililigundua hilo boti ikiwa imeshatia nanga. Funga jicho moja, tazama, kisha jingine. Ni kazi ya sekunde kumi.

2. Kontakti lenzi laini za siku moja

Zina faida ambayo maski yoyote haina: ukitoka majini na kuvua maski bado unaona, na unaweza kuazima maski yoyote. Astigmatizimu pia ina lenzi zake.

Lakini ziwe laini. Zile ngumu hazifai kuzamia, kwani wakati wa kupanda juu viputo vya gesi vinaweza kunaswa kati ya lenzi na konea (utando angavu wa mbele ya jicho), macho yakauma na kuona ukungu. Na ziwe za kutupwa siku ileile. Maji ya bahari, ziwa na hata bomba yana vijidudu, akiwemo akanthamiba, anayeweza kula konea hadi mtu akapoteza jicho. Lenzi iliyoguswa na maji haioshwi ikavaliwa kesho, na hailalwi nayo. Ukizamia kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, lenzi huweza kugandama jichoni. Usiivute, weka matone na usubiri ilegee.

Mwambie mkufunzi kabla ya kuingia majini kwamba umezivaa. Kwenye zoezi la kuvua maski utafumba macho, na yeye anapaswa kujua kwamba umefumba kwa makusudi, hujaogopa. Beba jozi ya akiba.

Nimeziweka za pili kwa sababu moja tu: wengi wetu ni wavivu wa usafi, na jicho halina akiba.

3. Lenzi za kipimo chako zilizogundishwa ndani ya kioo

Kwa mwenye astigmatizimu kubwa, kipimo kizito au macho yanayohitaji nguvu mbili, hii ndiyo njia ya kwanza, nyingine zote zisimpotezee muda. Fundi hukata lenzi kwa kipimo chako, akazingatia nafasi ya mboni zako, kisha akaigundisha upande wa ndani wa kioo. Sehemu ya chini anaweza kuiwekea nguvu ya kusomea.

Utangoja, na utalipa zaidi. Maski ikizama, macho yamezama nayo. Ndiyo maana maski yenyewe ichaguliwe kwanza, kwa uso na si kwa rangi: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ondoa mkono. Ikidumu pale, imekukaa. Lenzi nene huingia ndani, kwa hiyo angalia pia kama kope zako zitaigusa. Ukiipokea, ielekeze kwenye mwanga utafute viputo kwenye gundi.

Lenzi hizi mara nyingi ni za plastiki. Zile mbinu za kuondoa ukungu kwenye maski mpya, dawa ya meno na moto wa kiberiti, zisifike karibu nazo.

4. Vipande vya kubandika kwa maji

Ni vilenzi vidogo laini vya kuongeza, kama +1.5 au +2, vya umbo la nusu mwezi. Unalowesha, unabandika sehemu ya chini ya kioo kwa ndani, unaacha pakauke vizuri. Kwa anayeona mbali vizuri ila geji ndiyo inamshinda, hiki peke yake kinatosha, wala asishawishiwe kununua zaidi. Ndicho kilichomaliza aibu yangu ya 110: kimoja tu, upande wa kushoto, mkono ninaofunga kompyuta. Hung'oka mara mojamoja, hasa ukisugua kioo kwa kidole.

Vya kuacha dukani

Miwani ya kawaida ndani ya maski: mikono yake hupita chini ya silikoni na maji yataingia. Fremu ndogo inayoshikiliwa ndani ya maski kwa kibano ni nafuu, lakini hucheza na kushika ukungu. Mahali pake ni kwenye maski ya uso mzima, ambako hakuna njia nyingi. Miwani ya kuogelea yenye kipimo, hata iwe nzuri vipi, si ya kuzamia. Pua imebaki nje, huwezi kusawazisha shinikizo, na macho yatanyonywa hadi mishipa ipasuke.

Upasuaji wa leza sikuuweka kwenye orodha, maana hakuna sababu ya kupasuliwa jicho kwa ajili ya mbizi za likizo. Kama ulishafanyiwa, subiri ruhusa ya daktari aliyekupasua. Baada ya LASIK, aina maarufu ya upasuaji huo, muda unaotajwa sana ni angalau mwezi mmoja. Aliyewekewa gesi ndani ya jicho kutibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) asizamie kabisa gesi ikiwa bado imo.

Ukichagua maski ya lenzi, miwani yako ya nchi kavu iweke kwenye kasha gumu, juu ya mfuko na si chini ya mitungi. Ukivua maski kando ya boti, ngazi ndiyo kitu cha kwanza utakachoanza kupapasa.