Motown au Stax: lebo ndogo ya Nairobi iige nani?

Motown, kampuni ya kurekodi muziki (lebo), ilianzishwa Detroit, Marekani, mwaka 1959 na Berry Gordy, Mmarekani mweusi, kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake. Alilenga soko la wazungu pia, hivyo wasanii wakafunzwa hata kutembea na kuketi. Haki za tungo alizishika kupitia kampuni yake nyingine, Jobete. Pesa ikabaki nyumbani, japo kwa Gordy kuliko kwa waimbaji.

Stax, lebo ya Memphis, ilikuwa ya ndugu wawili wazungu, Jim Stewart na dadake Estelle Axton. Bendi ya studio ilichanganya weusi na weupe katika mji uliowatenga. Muziki wake ni mtamu zaidi, haukupigwa pasi! Ila Stewart alitia saini mkataba wa usambazaji na Atlantic, lebo kubwa zaidi, bila kuusoma vizuri. Kifungu kimoja kiliipa Atlantic umiliki wa masta, yaani rekodi asilia za nyimbo. Stax ilipojitoa 1968, masta za miaka hiyo zikabaki huko.

Kwa studio ya River Road, sauti iwe ya Stax, karatasi ziwe za Motown. Msambazaji akileta mkataba, tafuta panapotajwa masta: paandikwe leseni (ruhusa ya kutumia tu) yenye mwaka wa kuisha, si kuhamisha umiliki.